Mahaba Yaliyoshika Mkia: Malta na Mashindano ya Eurovision

Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya waimbaji chipukizi na wanafunzi wa muziki, Mji Mkongwe, Unguja. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Walimu wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliokaa mkekani kwa sababu viti wamewahi wakubwa, ahsanteni kwa kuja.

Mwezi uliopita, baada ya mazoezi, binti mmoja wa hapa aliniuliza swali. Alikuwa anafunga fidla yake kwenye mfuko, hata hakuniangalia. Akasema: "Mwalimu, nikitaka dunia inisikie, si lazima niimbe Kiingereza?" Nilimpa jibu la haraka, la mtu mwenye njaa anayetaka kwenda kwake. Usiku lile swali likanikatalia usingizi. Yupo hapa leo, simtaji jina, na nimekuja kumjibu vizuri. Nitapita mbali kidogo, mpaka bahari ya Mediterania, kwenye nchi ambayo imejiuliza swali hilohilo tangu 1971 mbele ya televisheni za Ulaya nzima.

Nchi yenyewe ni Malta. Ukiziweka pamoja ardhi zake zote unapata kilomita za mraba 316. Pemba peke yake inaizidi karibu mara tatu. Sensa yao ya 2021 ilihesabu watu 519,562. Walipata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1964, na wana lugha mbili rasmi, Kimalta na Kiingereza.

Kimalta hicho, jamani, ni lugha ya kutufanya sisi tukae vizuri tusikilize. Ni Kiarabu cha zamani kilichovuka kutoka Sicilia, kikaoa maneno ya Kitaliano, kikaandikwa kwa herufi za Kilatini. Wamalta ni Wakatoliki, na Mungu wanamwita Alla. Kitabu kwao ni ktieb. Wakihesabu wanasema ħamsa, sitta, sebgħa, na ile tisa yetu kwao ni disgħa. Nilipoziona hesabu zile mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mtu aliyekutana na binamu yake kwenye kituo cha treni ugenini.

Sasa Eurovision. Ni mashindano ya nyimbo baina ya nchi, yaliyoanza 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi saba tu. Wanaopeleka waimbaji ni vituo vya utangazaji vya taifa. Kila nchi huleta wimbo mmoja mpya usiozidi dakika tatu, na kila nchi huzipa alama nyimbo za wenziwe. Kujipigia kura mwenyewe hairuhusiwi. Ukubwa wa nchi hauhesabiwi, maana alama 12 za Malta, ambazo siku hizi ndizo za juu kabisa nchi inazoweza kuupa wimbo, zina uzito uleule wa alama 12 za Ujerumani. Ni nadra sana kwa nchi ndogo kukuta mzani wa namna hiyo, na ndiyo sababu wadogo wanayapenda mashindano haya kuliko wakubwa.

Malta iliingia mara ya kwanza tarehe 3 Aprili 1971, Dublin. Ilimpeleka Joe Grech na wimbo alioutungia muziki mwenyewe, "Marija l-Maltija", yaani Maria Mmalta, kwa Kimalta kitupu. Nchi zilikuwa 18. Malta ikawa ya 18.

Nataka muelewe alama za siku zile. Kila nchi ilikuwa na waamuzi wawili, mmoja aliyepita miaka 25 na mmoja ambaye hajaifikia. Kila mwamuzi aliupa kila wimbo alama kuanzia 1 mpaka 5. Kwa hiyo hata kama wote wangekuchukia, usingekosa alama 34, kwani waamuzi wa nchi nyingine 17 walikuwa 34 na kila mmoja alilazimika kukupa angalau moja. Malta ilipata 52. Fanyeni hesabu wenyewe, ni alama moja na nusu kwa kila mwamuzi.

Mwaka uliofuata wakarudi, Edinburgh, tarehe 25 Machi 1972. Safari hii walikwenda wawili, Helen Micallef na Joseph Cutajar, waliojulikana kama Helen na Joseph. Muziki aliutunga Charles Camilleri, na huyu si mtunzi wa kubahatisha, ni miongoni mwa watunzi wakubwa kabisa kisiwa kile kimewahi kuwapata. Maneno yalikuwa ya Albert Cassola. Wimbo uliitwa "L-imħabba".

Litamkeni neno hilo taratibu. Ile "l" ya mwanzo ni kama "al" ya Kiarabu. Kinachobaki ni imħabba. Mahabba. Mahaba! Neno ambalo hapa kwetu haupiti usiku wa taarabu bila kulisikia mara kumi. Lilipanda jukwaa la Ulaya mwaka 1972, likaimbwa na mwanamume na mwanamke, na likapata alama 48. Nchi 18, Malta ya 18 tena.

Usiku uleule, kwenye jukwaa lilelile, Ireland nayo ilimleta Sandie Jones akaimba kwa Kiayalandi, na jina la wimbo wake maana yake ni muziki wa mapenzi. Akawa wa 15. Basi usiku mmoja, lugha mbili ndogo, mbili zote zikizungumza mapenzi, zote zikaachwa chini. Ireland haikurudia tena kupeleka wimbo wa Kiayalandi. Malta nayo haikupeleka tena wimbo mzima wa Kimalta kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata. Mwaka 2000 Claudette Pace alichanganya mistari michache ya Kimalta ndani ya wimbo wa Kiingereza, akashika nafasi ya nane. Lugha ya mama ikawa ya kuonjesha.

Mtu anaweza kusema udogo ndio uliowaponza. Lakini aliyeshinda 1971, mwaka ule ule wa Maria Mmalta, ni Monaco, nchi ambayo unaizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Aliyeshinda 1972 ni Luxembourg. Wote wawili walipata alama 128. Tofauti ni kwamba Monaco ilimwazima Séverine, Mfaransa, na Luxembourg ilimwazima Vicky Leandros, Mgiriki aliyekulia Ujerumani, na wote waliimba Kifaransa, lugha ambayo wengi Ulaya waliijua. Malta ilikwenda na mwimbaji wake, mtunzi wake na lugha yake. Nikitazama nyuma, namheshimu aliyeshika mkia kuliko aliyeazima.

Wamalta walivipokeaje vipigo vile? Mwaka 1973 walikuwa tayari wamepangiwa nafasi ya kuimba, wakajitoa. Mwaka 1975 wakamtuma Renato Micallef Stockholm na wimbo wa Kiingereza, akawa wa 12 kwa alama 32. Kisha kimya. Miaka 16.

Walirudi 1991, Roma, kwa bahati. Mashindano yaliangukia tarehe 4 Mei, siku ambayo Waholanzi huwakumbuka waliokufa vitani, kwa hiyo Uholanzi haikushiriki na nafasi ikabaki wazi. Malta ikaingia hapo, na Paul Giordimaina na Georgina wakashika nafasi ya sita kwa Kiingereza.

Hapa, binti yangu, lazima nikuambie ukweli wote, hata ule unaonipinga. Miaka ile ilikuwepo kanuni kwamba kila nchi iimbe kwa lugha yake rasmi. Wajerumani Kijerumani, Wagiriki Kigiriki. Kiingereza kilikuwa halali kwa nchi tatu tu: Uingereza, Ireland na Malta. Mwaka 1992, mjini Malmö, wa kwanza alikuwa Ireland, wa pili Uingereza, wa tatu Malta, ambako Mary Spiteri alipata alama 123. Watatu waliokuwa na ruhusa ya Kiingereza ndio waliokuwa watatu bora. Kuanzia 1991 mpaka 1998 Malta haikutoka kumi bora hata mwaka mmoja: ya sita, ya tatu, ya nane, ya tano, ya kumi, ya kumi, ya tisa, ya tatu. Nchi ya watu laki nne! Mtu akikuambia Kiingereza hakikuwasaidia, huyo hajazitazama hesabu.

Na ya mwisho katika orodha hiyo ndiyo ninayoijua kwa moyo. Birmingham, tarehe 9 Mei 1998. Chiara Siracusa ana miaka 21. Anaimba wimbo wa polepole, "The One That I Love", na nyuma yake kuna okestra hai, mwaka wa mwisho kwa mashindano haya kutumia okestra. Kuna namna anavyoanza, kama mtu anayemsimulia mwenzake jambo jikoni. Haisukumi sauti. Inapanda yenyewe, beti kwa beti, na inapofika juu unagundua kuwa umeacha kupumua. Nimewasikilizisha baadhi yenu darasani, na mnajua nilichowaambia: msitazame noti ya juu, tazameni alivyoifikia.

Kura zikaanza. Nchi 25, moja baada ya nyingine. Ikabaki nchi moja, Makedonia. Malta ilikuwa na alama 165, Israel 164. Alama moja! Kisiwa kizima kilikuwa kimesimama. Makedonia ikaanza kutaja kutoka chini kwenda juu. Nane zikaenda Israel. Kumi zikaenda Uingereza. Zikabaki 12, na kama zingekwenda Malta mambo yangekwisha hapo. Zilikwenda Kroatia. Malta haikupata hata moja. Israel ikamaliza na 172, Uingereza 166, Malta 165. Chiara alianza kura ile akiwa wa kwanza na akaimaliza akiwa wa tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo niliposhtuka nilipokuwa naandaa mazungumzo haya. Aliyemshinda Chiara, Dana International, aliimba kwa lugha gani? Kiebrania. Lugha ya ukoo mmoja na Kimalta, ndugu wa damu wa Kiarabu. Malta ilikuwa imeiacha lugha yake ya Kisemiti miaka 26 nyuma kwa kudhani kwamba Ulaya haiwezi kuisikia, na usiku ilipolikaribia kombe kuliko wakati wowote, ikazidiwa na wimbo wa lugha ya Kisemiti.

Sisemi kwamba Chiara angeimba Kimalta angeshinda. Sijui mtu anayeweza kulijua hilo. Nasema kwamba ile hesabu iliyofanywa 1972 ilikuwa ya nyimbo mbili. Mbili tu. Mvuvi wa Nungwi hatupi nyavu mara mbili akasema bahari haina samaki.

Kanuni ya lugha iliondolewa 1999. Kila nchi ikaruhusiwa kuimba itakavyo, na wengi wakakimbilia Kiingereza. Silaha ya Malta ikawa silaha ya kila mtu. Mwaka uleule Malta iliteremka mpaka nafasi ya 15.

Hawakukata tamaa. Mwaka 2002, Tallinn, Ira Losco, binti wa miaka 20, katikati ya wimbo alipuliza kutoka kiganjani vumbi la kumetameta moja kwa moja kwenye kamera, na skrini yote ikajaa nyota. Alikuwa wa pili kwa alama 164, nyuma ya Latvia iliyopata 176. Mwaka 2005, Kyiv, Chiara akarudi. Wenzake walikuwa na ngoma, na wachezaji wanaoruka. Yeye alisimama peke yake, bila mchezaji, bila muitikiaji. Wa pili tena, alama 192, nyuma ya Ugiriki. Mwaka mmoja baadaye, Athens, Fabrizio Faniello akapata alama moja tu, kutoka Albania, na Malta ikawa ya mwisho katika fainali. Kutoka wa pili mpaka mkiani kwa miezi kumi na miwili.

Mara mbili wa pili, mara mbili wa tatu, na mpaka mashindano ya 2025 kombe la wakubwa halijatua Valletta, mji mkuu wa Malta. Watoto ndio waliolileta. Katika Eurovision ya watoto, Gaia Cauchi alishinda 2013, na kwa sababu hiyo mashindano ya 2014 yakafanyika kwao, ndani ya kiwanda cha zamani cha kujengea meli huko Marsa. Mwaka 2015 akashinda Destiny Chukunyere, binti wa Kimalta ambaye baba yake ni mchezaji mpira wa zamani kutoka Nigeria.

Destiny huyu alikua, akaenda Rotterdam mwaka 2021 katika mashindano ya wakubwa. Wimbo wake ulikuwa wa Kiingereza, ila jina lake, linalorudi ndani ya kiitikio, likawa la Kifaransa, "Je me casse", kama kusema "najiendea zangu". Majaji walimpa alama 208. Watazamaji wa Ulaya wakampa 47. Jumla 255, nafasi ya saba. Nimelitafakari sana pengo hilo. Majaji walisikia sauti, na sauti anayo, Mola amempa. Watazamaji majumbani nadhani walitafuta kitu kingine, walitaka kujua huyu ametoka wapi, na wimbo haukuwaambia. Mwaka huohuo walioshinda ni Måneskin, wakiimba Kitaliano. Wa pili alikuwa Ufaransa kwa Kifaransa, wa tatu Uswisi, kwa Kifaransa vilevile.

Na haikuwa ajabu ya mwaka mmoja. Serbia ilishinda 2007 kwa Kiserbia. Ureno ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilianza 1964 ikapata sifuri. Sifuri kamili. Wakarudi, na karibu kila mara kwa Kireno. Miaka 53 hawajawahi kupita nafasi ya sita. Mwaka 2017 Salvador Sobral akasimama na wimbo wa dada yake Luísa, Kireno tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, karibu ananong'ona, akaondoka na alama 758, ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kabla yake. Wareno na Wamalta walianzia palepale chini. Mmoja alibadili lugha, mwingine alisubiri.

Siwalaumu Wamalta, na sitaki mtoke hapa mkiwacheka. Ukiwa mdogo, ukishika mkia mara mbili mbele ya watu wote, unatafuta kosa, na kitu cha kwanza unachokishuku ni kile kinachokutofautisha na wengine. Nasi tumefanya hivyo. Wangapi humu wamebadili lafudhi walipofika bara?

Mwaka 2025 Kimalta kilijaribu kurudi kwa neno moja. Miriana Conte alikuwa na wimbo ulioitwa "Kant". Kwa Kimalta kant ni uimbaji, neno waliloliokota kwa Wataliano. Lakini kwa sikio la Mwingereza linafanana na tusi zito, na watunzi walilijua hilo, maana wimbo wenyewe ulicheza na msemo wa vijana wa Kiingereza. Kituo cha Uingereza kikalalamika, waandaaji wakataka libadilishwe. Wimbo ukaitwa "Serving", neno likatolewa, na Miriana akashika nafasi ya 17 huko Basel. Mimi mchezo ule wa maneno sikuupenda. Hata hivyo kuna kinachoniuma: katika miaka yote ile, neno la Kimalta lililozungumzwa Ulaya nzima ni lile lililosikika kama Kiingereza.

Na Wamalta wana utajiri wa kuimba usiohitaji kuazima! Wana kitu kinaitwa għana. Hiyo "għ" haitamkwi, inavuta tu irabu, lakini mzizi wake ni uleule wa neno letu kughani. Sisi tunaghani tenzi, wao wana għana. Aina yake moja huitwa spirtu pront. Waimbaji wanasimama wawili wawili, magitaa yanapiga nyuma yao, na kila mmoja anamjibu mwenzake kwa beti anazozitunga palepale. Wanarushiana hoja, vina vinatimia, na hakuna anayetukana. Nani hapa hajaona malumbano ya washairi? Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza għana katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka uleule ambao Malta ilikwenda Rotterdam na wimbo wenye jina la Kifaransa.

Basi binti yangu, swali lako ulilouliza ukifunga fidla. Imba Kiingereza ukitaka, sikukatazi, Chiara aliimba Kiingereza na mimi bado nywele zinanisimama. Lakini usikiimbe kwa sababu umesikia Kiswahili hakifiki. Kama utajaribu Kiswahili mara mbili ukashika mkia, njoo kwangu tuhesabu pamoja ni majaji wangapi na walipewa nini cha kusikiliza, kabla hujaiacha lugha.

Nimesema mengi, na nyimbo haziimbwi kwa hotuba. Yule kijana wa vyombo, nimempa rekodi ya Helen na Joseph, ya 1972. Sitawafasiria. Sikilizeni tu, na mtakapolisikia lile neno letu, inueni mkono. Haya mwanangu, tuwekee.